UKUNGU NA MAJI NDANI YA TAA ZA GARI: JUA CHANZO KABLA HUJATOA HELA



Mvua zikishaanza tu, swali ni lile lile. Mtu anaamka asubuhi, anatoka nje kuangalia mkoko wake, anakuta taa ya mbele imejaa jasho kwa ndani kama kioo cha chumba chenye jiko. Akienda gereji ya kwanza anaambiwa nunua taa mpya. Ya pili wanamwambia tutoboe tundu maji yatoke. Ya tatu wanamwambia achana nayo, itakauka yenyewe. Sasa ashike lipi?

Leo tunalimaliza hili jambo. Soma taratibu, na kama una shemeji au mjomba anayeendesha Noah, Hiace au Fuso, mchapie ukurasa huu umpelekee.

KWA WENYE HARAKA

Kama uko kafe na dakika zako zinayoyoma, ondoka na haya matano:

1. Ukungu mwepesi unaokuja asubuhi na kutoka wenyewe si ugonjwa. Taa nyingi zinafanya hivyo hata zikiwa mpya.
2. Matone makubwa, michirizi, au maji yaliyotuama chini ya taa ni ugonjwa. Kuna mahali panavuja.
3. Kabla ya kitu chochote, angalia kifuniko cha nyuma ya taa. Mara nyingi mchawi ni yeye.
4. Usitoboe taa na usizibe matundu yake ya kupumulia.
5. Mpaka utakapoitengeneza, usisafiri nayo usiku.

Wenye muda tuendelee.

KWANZA, KWA NINI TUJALI?

Wapo wanaosema taa ni urembo tu, kwamba muhimu ni injini. Hebu tupige hesabu. Gari la spidi 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu mbele anahitaji kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki na breki kuanza kushika. Hapo tayari umekula mita 33. Kusimama kwenyewe, kwa lami kavu na tairi nzima, ni mita 36 nyingine hivi. Jumla karibu mita 70. Lami ikiwa imelowa, ongeza.

Sasa taa iliyojaa matone haipigi mbele kama ilivyotengenezwa. Kila tone linapindisha mwanga na kuutawanya huku na huku. Matokeo yake ni mawili. Wewe huoni mbali, halafu mwenzako anayekuja mbele anamulikwa machoni na mwanga uliotakiwa kwenda chini barabarani. Taa ikikuonesha mita 30 na gari linahitaji mita 70 kusimama, unaendesha kwa dua.

Na barabara zetu mnazijua. Ukitoka mjini kwenda Nzega, Urambo au Sikonge usiku, unakutana na baiskeli ya mkaa isiyo na taa, ng'ombe waliochelewa kurudi zizini, na lori bovu lililowekewa matawi ya miti badala ya pembetatu. Zamani misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipopita hapa Unyanyembe ilikuwa ikiondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Sisi tumepata lami na injini, basi tunataka kupita saa nane usiku. Sawa, lakini tupite tunaona.

Isitoshe, kutembea usiku na taa mbovu ni kosa kisheria chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Trafiki akikusimamisha, usimwambie ni umande.

TAA INAPUMUA, NDIYO, INAPUMUA

Watu wengi wanadhani taa imezibwa kabisa kama chupa ya soda. Si kweli. Taa za magari ya siku hizi zina matundu madogo nyuma, kwa kawaida mawili au zaidi, yaliyofunikwa na kofia ya raba, kijibomba kilichopinda, au kipande cha kitambaa maalumu kinachopitisha hewa na kuzuia maji.

Kwa nini waliyaweka? Balbu ya kawaida ya H4 inakula wati 55 kwenye mwanga wa chini na 60 kwenye mwanga wa juu. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka joto. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka, inatoka nje. Ukizima, hewa inapoa, inasinyaa, na taa inavuta hewa nyingine kutoka nje. Kusingekuwa na matundu, mvuto ule ungetafuta njia kwenye gundi na raba mpaka uzilegeze.

Hewa inayovutwa huja na unyevu wake. Hapa kwetu mvua huanza kama Novemba na kukatika Aprili au Mei, na miezi hiyo hewa inakuwa nzito. Usiku kioo cha taa kinapoa kuliko hewa iliyomo ndani. Mvuke ukigusa kile kioo cha baridi unageuka vitone vidogo vidogo. Ni jambo lile lile la glasi ya maji ya friji kutoka jasho mezani. Maji hayajavuja kutoka kwenye glasi, yametoka kwenye hewa.

HESABU YA TONE MOJA

Hapa ndipo siri ilipo, kwa hiyo tulia kidogo.

Hewa ya nyuzijoto 30 iliyoshiba unyevu inabeba karibu gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipoa mpaka nyuzijoto 15, uwezo wake unashuka hadi kama gramu 13. Zile 17 zinazobaki lazima zigeuke maji.

Taa yako si mita moja ya ujazo. Tuseme ni kubwa, ndani ina nafasi ya lita 5. Ukipiga hesabu unapata kama gramu 0.09 za maji. Tone la kawaida la maji lina uzito wa gramu 0.05 hivi. Maana yake usiku mmoja wa baridi, hata hewa ikiwa imeshiba kabisa, hautoi hata matone mawili kamili. Yakitawanyika kwenye kioo yanaonekana ukungu wa kutisha, lakini ni matone mawili tu hayo.

Kwa hiyo ukiona maji yanacheza chini ya taa kila ukikata kona, kiasi cha kijiko au nusu kikombe, usidanganywe kwamba ni hali ya hewa. Hewa ya ndani ya taa haina maji hayo. Yameingia kutoka nje kupitia mahali fulani, na kazi yako ni kupajua.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Asubuhi baada ya mvua, au baada ya kuosha gari, angalia taa zote mbili. Kisha jiulize haya:

Je, ukungu upo taa zote mbili kwa kiasi kinacholingana? Kama ndiyo, uwezekano mkubwa ni hali ya hewa. Kama moja imejaa na nyingine iko safi, ile moja ina tatizo.

Je, ni ukungu laini au matone? Ukungu laini kwenye pembe za kioo ni wa kawaida. Matone yanayotiririka na kuacha michirizi ni kuvuja.

Je, unatoka? Washa taa, endesha nusu saa hivi. Ukungu wa kawaida unaanza kupungua kuanzia pale balbu ilipo kwenda pembeni. Au liache gari juani mchana kutwa. Kama siku mbili zimepita, jua limewaka na bado kuna matone, ujue taa ina njia ya kuingiza maji, au njia yake ya kutolea unyevu imeziba.

Je, rifleta ina doa? Rifleta ni ile sehemu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiona mstari wa maji yaliyokauka, madoa meupe, au rangi ya fedha imebanduka, maji yameanza kuingia siku nyingi.

MAJI YANAPITIA WAPI?

Nimepanga kuanzia rahisi kwenda ngumu. Fuata mpangilio huu huu, usiruke.

1. Kifuniko cha nyuma. Taa nyingi za H4 zina raba nyeusi ya duara inayovaliwa nyuma ya balbu. Taa nyingine zina kifuniko cha plastiki cha kuzungusha. Fundi akibadilisha balbu kwa haraka anakirudisha upande, au hakirudishi kabisa. Raba ikizeeka inakuwa ngumu na kupasuka. Maji yanayorushwa na tairi yanaingia pale moja kwa moja.

2. Oringi ya balbu. Balbu kama H11 au HB3 zinavaa kijiraba chembamba shingoni. Kikikatika au kikibaki kwenye balbu ya zamani iliyotupwa, pana pengo.

3. Matundu ya kupumulia. Haya yana kesi mbili. Kofia yake ikianguka, maji yanaingia. Yakiziba, unyevu ulioingia hautoki. Na hapa Tabora kuziba ni kawaida: kuanzia Mei mpaka Oktoba barabara za udongo zinatoa vumbi kama unga, kisha mvua ya kwanza inalifanya tope. Nyigu wanaojenga kwa udongo nao wanapenda sana vitundu kama hivi kwenye gari lililopaki muda mrefu.

4. Ufa. Jiwe dogo la barabarani, au ajali ndogo ya zamani iliyopigwa rangi ikasahaulika. Angalia kioo cha taa kwa jicho la pembeni kukiwa na mwanga. Usisahau kasha la nyuma na masikio ya kufungia bolti, huko ndiko nyufa hujificha.

5. Gundi ya kuzunguka kioo. Kioo cha taa na kasha lake vimeunganishwa kwa gundi kiwandani. Gari la miaka kumi na tano au ishirini, gundi hiyo imepikwa na jua na joto la injini. Inaachia kidogo kidogo, hasa upande wa juu.

KISA KIMOJA CHA HAPA HAPA MTAANI

Jirani mmoja wa Cheyo ana Noah ya kubeba abiria. Taa ya kushoto ikaanza kujaa maji. Fundi wa kwanza akapaka silikoni kila mahali, mpaka kwenye matundu ya kupumulia. Wiki ikapita, ukungu ukawa hautoki hata saa sita mchana. Fundi wa pili akatoboa tundu chini "maji yapate pa kutokea". Maji yalitoka kweli, lakini kila gari likipita kwenye dimbwi yakaingia mengi zaidi kupitia tundu lile lile, na vumbi juu yake. Rifleta ikaota madoa.

Usiku mmoja anarudi kutoka Nzega, baiskeli mbili za mkaa zilimtokea mbele ghafla. Aliwakwepa kwa Mungu tu, akaishia kwenye nyasi. Kesho yake fundi wa tatu, mzee mtaratibu, alifungua boneti, akapitisha mkono nyuma ya taa akakuta hakuna kifuniko cha raba. Kilisahaulika siku ilipobadilishwa balbu, miezi mitatu nyuma. Raba ya bei ya chai na vitumbua ndiyo iliyotaka kuua watu watano.

Taa ile ilibidi ibadilishwe nzima, kwa sababu rifleta ilikuwa imekwisha. Somo: kuangalia ni bure, kukisia ni ghali.

NAMNA YA KUKAUSHA

Zima gari, subiri taa zipoe, na kama utagusa nyaya chomoa teminali hasi ya betri.

Kama taa inafunguka nyuma kirahisi, toa kifuniko na balbu, kisha acha wazi kwenye jua la mchana saa kadhaa. Jua la Tabora linatosha. Kama taa inatoka nzima kwa bolti tatu au nne, itoe kabisa, mwaga maji, ilaze tundu likiangalia chini ili yaliyobaki yadondoke. Magari mengine yanataka bampa litolewe kwanza, hapo tafuta mtu anayejua, vishikizio vya plastiki vikivunjika ni hasara nyingine.

Siku za mawingu tumia draya ya saluni kwa joto dogo, ukiisogeza sogeza, umbali wa kiganja na nusu. Usitumie jiko la mkaa wala oveni. Vioo vya taa za siku hizi ni plastiki, vikipata moto vinapinda na havirudi.

Balbu ya halojeni usiishike kwenye kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua pale na kuipunguzia maisha. Ishike kwenye kitako au kwa kitambaa safi.

Na tafadhali, usiingize kitambaa kufuta rifleta. Ile rangi ya fedha ni utando mwembamba mno wa alumini, ukiusugua unatoka nao. Iache ikauke yenyewe.

NAMNA YA KUTAFUTA TUNDU

Taa ikishakauka usikimbilie kuifunga. Vifaa vya kazi hii ni vya nyumbani: povu la sabuni, kijibomba cha plastiki na mdomo wako.

Rudisha balbu na vifuniko vyote. Ziba matundu yote ya kupumulia kwa gundi ya karatasi, bakiza moja. Kwenye lile moja chomeka kijibomba. Paka povu kuzunguka kioo chote, kwenye nyufa unazozishuku na kwenye kifuniko cha nyuma. Kisha puliza taratibu kwa mdomo. Mahali povu linapotoa mapovu yanayokua ndipo panapovuja. Ni kama kutafuta pancha ya baiskeli. Usitumie kompresa ya gereji, upepo wake utaibandua hata gundi iliyokuwa nzima.

Weka alama kwa kalamu, suuza kwa kitambaa chenye maji, kausha tena. Kumbuka kutoa gundi ya karatasi kwenye matundu ukimaliza!

NAMNA YA KUZIBA

Kifuniko au oringi: nunua kipya. Ukikosa cha saizi yako duka la spea, jaribu kwa wanaouza taa za mitumba, mara nyingi wana taa zilizovunjika kioo lakini raba zake ni nzima. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye oringi kabla ya kuvalisha. Usipake grisi ya bearingi, inaharibu raba.

Matundu ya kupumulia: toa kofia, safisha kwa brashi ya meno na maji, kausha, rudisha. Kama kuna kitambaa maalumu usikitoboe kwa waya, piga vumbi lake kwa brashi laini tu.

Mshono wa kioo: kwangua uchafu, futa kwa spiriti, paka silikoni mstari mmoja mwembamba kwa nje. Hapa kuna mtego. Silikoni inayonuka kama siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula nyaya na ule utando wa rifleta. Dukani ulizia isiyo na harufu ya siki. Ukipaka, subiri saa 24 kabla gari halijaguswa na maji.

Ufa mdogo wa kasha la nyuma unazibika kwa gundi ya plastiki ya sehemu mbili. Ufa wa kioo cha mbele ukizibwa unakuwa dawa ya muda tu.

Kufungua taa nzima kwa joto na kuipaka gundi upya ni kazi ya fundi aliyezoea. Kama hajawahi, usimpe taa yako ajifunzie.

UONGO WA MTAANI

"Weka mchele ndani." Mchele hauvuti unyevu kwa nguvu hiyo. Unaota ukungu na kunuka.

"Weka vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu." Hivi angalau vinafanya kazi. Kipakiti cha gramu 2 kinaweza kunywa karibu nusu gramu ya maji. Lakini taa inapumua kila siku, kwa hiyo kinashiba haraka. Tena kikidondokea balbu ya moto kinaungua. Tumia wakati wa kukausha tu, kisha kitoe.

"Funga balbu ya wati 100, joto litakausha." Litakausha, na litayeyusha soketi, kuchoma waya na kubabua rifleta.

"Mwagia petroli au thina kidogo, inakauka haraka." Mvuke wa petroli, nyaya na balbu ya moto ndani ya kasha moja? Hapana jamani.

KWA WENYE BODABODA, BAJAJI NA MALORI

Pikipiki ina taa moja tu. Ikiingia ukungu huna ya akiba. Chanzo kikubwa ni skrubu za kuzunguka kioo kulegea kwa mtikisiko, au nyaya kupitishwa nyuma bila raba yake baada ya kufunga vikolombwezo. Kaza skrubu, rudisha raba, safisha tundu la chini.

Malori mengi yanatumia umeme wa volti 24 na balbu za wati 75 na 70. Joto ni kubwa zaidi, kwa hiyo mvuto wa kupoa nao ni mkubwa. Dereva akifika stendi, taa za moto, akamwagiwa maji baridi ya mashine hapo hapo, taa inavuta maji kupitia kila kipenyo. Waambie vijana wa kuosha waanze nyuma ya gari. Wakifika mbele taa zitakuwa zimepoa. Na bomba la presha lisielekezwe kwenye mshono wa taa.

Kwa wenye Land Rover za zamani zenye taa za duara ambazo kioo na rifleta ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani: hizo haziingii ukungu kabisa mpaka zipasuke. Ikiingia maji, hakuna kutengeneza, ni kubadilisha.

MASWALI YANAYORUDI KILA MARA

Nimefunga LED, sasa ukungu umezidi. Kwa nini?
Sababu ni mbili. LED inapeleka joto lake nyuma, si mbele, kwa hiyo kioo kinabaki cha baridi na ukungu unachelewa kutoka. Pili, LED nyingi za kubandika zina mkia mrefu wenye feni, kifuniko cha raba hakifungi tena. Kama kifuniko hakirudi mahali pake, LED hiyo si ya taa yako.

Taa yangu ni ya njano na ina utandu, nimeikausha haijabadilika.
Huo si unyevu. Ni plastiki iliyochomwa na jua kwa nje. Pitisha kidole: kama inakwaruza, dawa yake ni msasa wa maji kuanzia namba 800 mpaka 2000, kisha polishi, kisha vanishi ya kuzuia jua. Dawa ya meno inasaidia kwa muda mfupi tu.

Nitajuaje kwenye gari ninalotaka kununua?
Nenda asubuhi, si saa nane mchana. Mulika tochi ndani ya taa utafute mstari wa maji kwenye rifleta. Taa moja ikiwa mpya na nyingine imezeeka, uliza kwa nini, huenda gari liligonga. Angalia na silikoni iliyopakwa kwa mkono.

Naweza kununua taa ya mtumba kutoka gari lolote la aina hiyo?
Hakikisha ni ya gari la usukani wa kulia. Taa ya gari la usukani wa kushoto inanyanyua mwanga upande wa kulia, yaani moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja mbele yako.

Niende kwa fundi wakati gani?
Maji yakigusa soketi, taa ikianza kuwaka na kuzima, fyuzi ikikatika, au rifleta ikibanduka. Pia kama kutoa taa kunahitaji bampa kushuka na hujawahi.

MWISHO KABISA

Ukienda gereji, usimwambie fundi "taa ina maji, nitolee". Mwambie "nioneshe yanapoingilia". Akikuonesha kwa kidole, kaa naye. Akishika mashine ya kutobolea, chukua funguo zako.

Na kama leo taa haijakaa sawa na safari ni ya usiku, lala. Urambo haihami.

Wadau, wenye uzoefu mwingine wa taa, hasa mafundi umeme wa magari, mwageni maujuzi hapo chini kwenye maoni. Matusi hatuyapitishi.